Chuma cha mkate kilichoposwa Muleba

Jumanne asubuhi, ukungu wa ziwani haujaondoka Kahororo, pembeni mwa mji wa Bukoba, na Klaudia yuko mezani anailisha mashine ya mkate. Anaanza na maji ya vuguvugu, maana ndivyo inavyotaka yenyewe. Halafu chumvi, sukari na kijiko cha samli. Halafu unga, unakaa juu kama kichuguu. Kileleni anachimba kishimo kwa kidole, anaweka hamira humo, isije ikakutana na maji kabla ya wakati wake.

Anafunga kifuniko. Anabonyeza kitufe. Mashine inaunguruma.

Inaunguruma tu, basi. Akichungulia kwenye kioo, unga uko palepale juu ya maji, haugeuki wala hautikisiki.

"Wifi," anaita Felicitas kutoka kitandani, chumba cha pili, "mbona leo Bibi anaimba lakini hachezi?"

Bibi ndiyo mashine. Watoto wa nyumba hiyo waliipa jina hilo kwa vile inanung'unika asubuhi nzima na haitaki kufunguliwa ikiwa kazini.

Klaudia anachomoa waya ukutani, kwa sababu mkono na umeme haviingii ndani pamoja. Anatumbukiza vidole kwenye unga, anapapasa mpaka kitako cha ndoo ya mashine. Anakuta kile kijiti kinachozunguka. Kichuma chenyewe cha kukandia, kile kinachovalishwa juu ya kijiti, kidogo kama sikio la mbuzi na chenye tundu katikati, hakipo.

Anapapasa tena. Anatazama chini ya meza, anatazama kwenye beseni la vyombo, anawauliza watoto. Mwisho anakaa kwenye kigoda, unga umemfika kwenye kiwiko, na jambo la Jumapili linamrudia kichwani taratibu.

Mkate wa Jumapili haukuwa na tundu.

Sasa hapo lazima mtu aelezwe. Mkate wa mashine ya namna hii una tabia moja. Unapoutoa kwenye ndoo, kichuma hubaki chini, na mkate unatoka na tundu kwenye kitako. Wateja wa Klaudia wameshazoea. Wengine humtania kwamba panya wa nyumbani kwake wana adabu, wanakula mahali pamoja tu.

Lakini mkate wa Jumapili haukuwa wa wateja. Binti yake Immakulata, aliyeolewa kijiji kimoja huko Muleba, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Klaudia alikuwa anakwenda kumwona mjukuu na kuwasalimu wakwe. Na wewe fikiria, unampelekeaje mkwe chakula chenye tundu? Atasema kimeonjwa njiani. Kwao zawadi ya ukweni inakwenda nzima, imefungwa kwenye jani la mgomba, na haifunguliwi mbele ya aliyeileta.

"Niliomba kabisa," anasema Klaudia, na hapo anacheka mwenyewe. "Nikasema Mungu wangu, leo tu, nipe mkate usio na tundu. Nikaupindua, kweli, hakuna tundu. Kuna weusi kidogo chini, nikasema huo ni ukoko. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaufunga, nikaondoka na furaha yangu."

Tundu halikuonekana kwa sababu kichuma kilikuwa bado kimo ndani ya mkate, na mkate ulikuwa umekwenda ukweni.

Mtu mwingine angesema, si ukande kwa mikono tu, kama mama zetu. Klaudia hawezi, na sababu yake ni ya zamani. Alizaliwa upande wa Kyaka. Mwaka wa vita, sabini na nane, majeshi ya Uganda yalipovuka, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Yeye alikuwa juu ya lori, ameshika mtoto mkono mmoja na sufuria mkono mwingine. Lori likapiga shimo, akaanguka. Mtoto hakuumia, sufuria haikuumia, bega la kulia likavunjika na likaunga vibaya. Vita hivyohivyo vilimchukua mumewe.

Tangu hapo mkono wa kulia unafagia, unabeba, unabembeleza mtoto. Kukandamiza hauwezi. Jembe liliushinda, na unga pia.

Ndiyo maana akaenda kutafuta kazi ya ndani Bukoba mjini, kwa mzee Ramniklal mwenye duka la vitambaa. Mke wake, Mama Anasuya, alizaliwa Bukoba hiyohiyo, na Kihaya chake kinawashinda wasichana wengi wa siku hizi. Mtoto wao Rajnikant, anayeishi Uingereza, ndiye aliyewatumia wazazi wake mashine ile kupitia mtu aliyekuwa anakuja. Mama Anasuya aliitumia wiki chache, akachoka nayo.

"Mkate unajifungia ndani ya sanduku, sijui unafanya nini humo," alisema. "Mimi nataka kuona chapati yangu inavimba mbele ya macho. Klaudia, chukua wewe. Mkono wako mgonjwa, huu hapa mkono mzima."

Klaudia akaipakata mpaka Kahororo kama mtoto wa kubatizwa. Akajifunza tabia zake. Kwamba inapokanda inatembea yenyewe mezani, kwa hiyo lazima ikalishwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali na ukingo, la sivyo itajirusha. Kwamba ndoo na kichuma havisuguliwi kwa majivu wala mchanga, vina ngozi nyeusi inayozuia mkate kugandana. Kwamba unga ukifurika na kudondokea ule waya wa moto chini, unasubiri ipoe, unaufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana ukiacha, kesho nyumba nzima itanuka moshi na majirani watakuja na ndoo za maji.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na Bukoba unakatika sana, mashine inasahau yote iliyokuwa inafanya. Hapo anatoa unga uliokwisha kukandwa, anauoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Wateja wanakula. Wapo walimu wa shule za hapo Kahororo wanaousubiri mlangoni ukiwa bado unatoa mvuke.

Lakini mkate wa sufuria Felicitas hawezi kuula, makaa yanaukausha mpaka ndani.

Felicitas ni mjane wa kaka yake Klaudia. Kaka alikufa kwa ugonjwa huu ambao hapo mwanzo watu wa Bukoba waliuita Juliana, na siku hizi hauitwi jina, mtu anashusha sauti tu na mwenzake anaelewa. Felicitas naye anaumwa. Klaudia alimleta nyumbani kwake pamoja na watoto wawili, bila kuitisha kikao. Mdomo wa mgonjwa umejaa vidonda. Ndizi zimemshinda, ugali umemshinda, mkate wa dukani una ukoko unaomkwaruza. Kitu pekee kinachopita ni mkate wa mashine, sehemu ya ndani, umelowekwa kwenye maziwa.

Ulimi wake lakini haujapata kidonda hata kimoja, ukiusikia unavyosema watu.

Jumanne ileile Klaudia alijaribu kukanda kwa mkono wa kushoto. Akaoka. Felicitas akaupokea mkate, akaupima uzito kwenye kiganja, akaugonga kwenye mbao za kitanda.

"Wifi," akasema, "huu tuwauzie mafundi wa Buhembe, wajengee."

Wakacheka wote wawili. Ila siku hiyo Felicitas alikunywa chai tupu, na kesho yake chai tupu, na Klaudia alipomshika mkono kumgeuza kitandani aliona umekuwa mwepesi kuliko juzi.

Alikwenda kwanza kwa Mama Anasuya.

"Nitamwandikia Rajnikant atume kingine," alisema mama yule. "Lakini barua iende, asome, atafute, mtu aje. Utangoja. Nenda kwa mkwe wako, omba."

"Mama, mkwe nimempa zawadi. Nimrudie nimwambie nipe?"

"Basi mwambie ukweli, kwamba kilisahaulika."

"Ukweli ndio mbaya zaidi. Kwamba nimemlisha chuma?"

"Hapo sasa," akasema Mama Anasuya, "sina ushauri."

Klaudia akapanda pikapu ya soda ya Clavery, kijana wa jirani anayekwenda Muleba mara kwa mara. Kisingizio alikuwa nacho, kumwona mjukuu. Alipoingia kibanjani, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mkwe wake mzee Kaijage, baba wa mume wa Immakulata, alikuwa anatoka nyuma ya migomba, anatembea polepole kama mtu anayetaka kutazamwa. Mkononi fimbo. Juu ya fimbo, kwenye kichwa chake, kitu kinang'aa.

Kilikuwa ndicho. Tundu la kichuma lilikuwa limeingia kwenye fimbo kama vile vilizaliwa pamoja.

Wakasalimiana kwa heshima zote, wakakaa, wakapewa kahawa ya kutafuna. Mzee akaikalisha fimbo kati ya magoti.

"Mkwe, nimepokea," akasema. "Wewe ni mtu mwenye siri. Ungenipa mkononi, hawa wanangu wangekichukua wafungie baiskeli. Ukakificha ndani ya mkate. Nimekata, kisu kikagonga, nikajua hiki ni cha mzee."

"Eeh, waitu," akajibu Klaudia kwa heshima ya Kihaya, macho chini.

"Kilikuja na uchafu mweusi. Nadhani moshi. Nimekisugua na mchanga mpaka umetoka wote."

Klaudia akafumba macho. Ule uchafu mweusi ndiyo ngozi ambayo miaka yote hajaigusa hata kwa majivu.

Jikoni alimnong'oneza Immakulata amsaidie. Binti akamtazama mama yake kwa huruma.

"Mama, mimi nimwambie baba mkwe avunje fimbo yake? Jumatatu alikwenda nayo kilabuni, watu wakasimama. Nikisema neno hilo nitarudi Kahororo leo hii na mtoto mgongoni. Na utatulisha nini, mashine yenyewe haina meno."

Klaudia akambeba mjukuu, akamrudisha, akarudi Bukoba mikono mitupu.

Nyumbani Felicitas hakuuliza. Alisema tu, "Chai ya leo imekolea," na hakuimaliza.

Ndipo Klaudia akamkumbuka Saburi. Huyu ni fundi cherehani wa Buhembe, na ndiye aliyekuwa mshenga Immakulata alipoposwa. Alitumwa na mzee Kaijage mwenyewe wakati ule, kwa hiyo anazijua nyumba zote mbili mpaka jikoni. Alisikiliza hadithi nzima huku anakanyaga cherehani, ilipofika kwenye fimbo miguu ikasimama, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama Immakulata, zawadi hairudishwi, hilo umesema kweli," akasema alipopata pumzi. "Ila kuposa, watu wanaposa. Twende tukapose."

"Tukapose chuma?"

"Nikuulize. Mzee Kaijage ana binti?"

"Hana. Wavulana watupu."

"Umeona. Maisha yake yote yeye ndiye wa kubeba rubisi kupeleka kwa watu. Anakalishwa nje juani. Anapigwa faini kwa kukohoa. Kwako wewe, nakumbuka, shemeji zako walimpiga faini kwa sababu kofia yake ilikuwa imekaa upande. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kuposa kwake hata siku moja. Unadhani atatufukuza?"

Jumamosi pikapu ya Clavery ilibeba soda upande mmoja na upande mwingine kibuyu kikubwa cha rubisi, pombe ya ndizi iliyochachuka vizuri. Saburi alivaa koti. Walipofika walisimama nje kabisa ya kibanja, wakapiga hodi ya heshima.

"Wenyewe humu," akaita Saburi, "sisi ni wapita njia. Tumeona ua zuri ndani ya boma hili, tumeshindwa kuendelea na safari."

Kijana mmoja wa mzee akatoka. "Fundi, umepotea. Humu hakuna ua, ni wanaume watupu."

Mzee Kaijage alikuwa kwenye kigoda chake. Akamtazama Saburi. Akakitazama kibuyu. Akaitazama fimbo yake, polepole, toka chini mpaka juu. Uso ukaanza kufunguka.

"Nyamaza wewe," akamwambia mwanawe. "Wageni hawajamaliza kusema."

Akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu na koti, na alishamtuma mtu kuwaita majirani. Wageni wakakalishwa nje, juani, kama inavyotakiwa. Wazee wakajaa upande wa kivuli, fimbo ikaegemezwa ukutani na kufunikwa kitenge cha Immakulata, maana bibi harusi haonyeshwi kabla ya muda.

Hapo mzee alijilipa madeni ya miaka yote. Saburi alipigwa faini kwa kuingia na mguu wa kushoto. Clavery alipigwa faini kwa kupiga honi. Klaudia alipigwa faini kwa kupiga chafya, na chafya yenyewe ilitokana na vumbi la hapohapo. Kila faini mzee alitamka kwa sauti ya upole, kama hakimu asiyependa kufunga watu, na majirani wakafurahi mno.

"Huyu binti yetu," akauliza, "mnamtaka kwa kazi gani?"

"Kukanda," akajibu Saburi.

"Siku nzima? Atapumzika lini?"

"Kila umeme unapokatika."

"Basi atanenepa," akasema mzee mmoja wa pembeni.

"Na mtamtunzaje?" akaendelea mzee Kaijage. "Maana nasikia kwenu mjini vitu vinatupwa hovyo. Huyu alitupwa mpaka akaokotwa kwenye mkate."

Swali hilo Saburi alimwachia mwenye mashine. Akamgeukia Klaudia. Klaudia akainua uso kidogo tu.

"Ataogeshwa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini," akasema. "Mchanga hatauona tena. Kila asubuhi atapakwa tone la mafuta ndani ya tundu kabla ya kuvalishwa kwenye kijiti chake, asing'ang'anie wala asiteleze. Na mkate ukitoka, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa yuko wapi. Atalala kwenye kikombe chake, juu ya kabati, sio kwenye mkate."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mtu aliyeyasema hayo alikuwa ameyawaza.

"Sawa," akasema mzee Kaijage, anajinyoosha. "Tumesikia. Leo mmejitambulisha tu. Mtarudi mwezi ujao tuzungumze mahari. Binti hatolewi kwa pupa."

Saburi akafungua mdomo alete mzaha mwingine. Klaudia akamtangulia.

"Mkwe, mwezi ujao ni mbali," akasema. "Nyumbani nina mgonjwa. Ni mke wa marehemu kaka yangu. Hana chakula kingine."

Hakuna nyumba pale ambayo ingeuliza anaumwa nini.

"Mdomo?" akauliza mzee.

"Mdomo."

Mzee Kaijage akageuka, akatazama migomba. Upande ule wa kibanja kuna kaburi la mwanawe Philbert, shemeji yake Immakulata, halijaota nyasi vizuri.

"Philbert alishindwa kumeza hata uji," akasema. "Mama yake alikuwa anamdondoshea maziwa na pamba."

Akainuka mwenyewe, akaondoa kitenge, akaishika fimbo kati ya magoti na kuanza kukinyonga kichuma. Kilikuwa kimebana. Wanawe wakataka kumsaidia, akawakataza kwa kichwa. Kilipotoka akakifuta kwenye kanzu yake nyeupe, akakiweka kwenye kiganja cha Klaudia na kukifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Mngesema tangu mlangoni," akasema.

"Tungesema mlangoni, mngetupiga faini ya haraka," akajibu Saburi.

"Hiyo bado mnadaiwa. Na rubisi inabaki." Halafu akamgeukia Klaudia. "Mkwe, baba wa binti ana haki moja. Binti akiolewa, baba yake anakwenda kuona anavyoishi. Pasaka nitakuja Kahororo. Nataka kumwona akiwa kazini."

Klaudia akakubali. Katika miaka yote ya ukwe wao, mzee Kaijage alikuwa hajawahi kuikanyaga Kahororo.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, mashine ikaunguruma na unga ukageuka. Mkate ulitoka umeinama upande mmoja, kwa sababu kichuma kilichosuguliwa kinagandana na unga siku hizi. Klaudia ameshapata dawa. Anakipaka samli zaidi ya mwanzo, na mkate ukiiva anauacha upoe kidogo kabla ya kuupindua. Kikitoka kimenasa ndani ya mkate, anakichokoa kwa kijiti cha mwanzi, kisu hakiruhusiwi tena katika kazi hiyo. Halafu anahakikisha kila mkate una tundu lake, hata ule wa mgeni.

Felicitas alikula kipande cha ndani kwenye maziwa, akaomba kingine. "Una ladha ya mchanga wa Muleba," akasema, na akamaliza.

Sasa nyumba inajiandaa kwa Pasaka ya mwaka huu wa tisini na tatu. Barua ya Mama Anasuya imeshakwenda Uingereza, imeomba vichuma viwili. Kimoja Klaudia ataweka akiba. Cha pili amesema kitakuwa cha mzee Kaijage, akitie kwenye fimbo yake, maana amempokonya mbele ya majirani na hilo halimpi usingizi. Baada ya hapo anataka kina mama wa jumuiya yao, wale wanaozunguka kutembelea wagonjwa, waje kwake kwa zamu wajifunze mashine, ili siku akiwa safarini mkate usikose.

Hofu yake moja ni umeme siku hiyo ya mzee. Makaa ameshanunua, ikibidi.

Felicitas ana mipango yake. Amemwomba Saburi amshonee gauni, na amemwagiza alishone kubwa kidogo, atanenepa. Kitanda chake wamekisogeza mpaka mlangoni, ambako kioo cha mashine kinaonekana, kwa sababu ameshajipa kazi ya kumwelekeza mzee mahali pa kuchungulia.

"Mwambieni aje bila wasiwasi," anasema, maziwa bado yako kwenye mdomo. "Mimi Pasaka siendi popote."